Nichore Nimesimama

Mkono wa mchoraji ukiambiwa uchore mkimbizi, unajua pa kwenda kabla kichwa hakijafikiri. Mama amekaa chini, mtoto mgongoni, sufuria nyeusi pembeni, macho yameelekea udongoni. Picha hiyo nimeiona kwenye kalenda, kwenye mabango ya mashirika, kwenye kuta za ofisi, hata kwenye turubai za wachoraji wenzangu ambao hawajawahi kukanyaga mkoa wa Kigoma. Imekuwa ndiyo sura rasmi ya watu wa pembezoni. Na sisi tunaokaa huku pembezoni tumeizoea kiasi kwamba kamera ikitoka tu, wapo miongoni mwetu wanaoinamisha macho bila kuambiwa.

Mimi ni mchoraji wa maboti na vibao. Shughuli zangu ziko mwalo wa Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma. Naandika majina ya maboti ubavuni, nachora simba, tai, msikiti, mpira, chochote anachotaka mwenye chombo. Mjini naandika vibao vya saluni, maduka ya dawa na migahawa. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nina kazi nyingine inayokwenda sambamba nayo, ya kukata mbao za maboti yaliyovunjwa kwa umbo la watu wa hapa na kuwachora juu yake, ambayo wasomi wanaiita sanaa ya kisasa na majirani zangu wanaiita "zile mbao za dada". Wachoraji vijana wa hapa, wa Kasulu na wa Tabora hunipigia kuniuliza inafanywaje, na kwenye simu siwezi kumaliza. Kwa hiyo naandika.

Kwa asiyepajua Kibirizi: maboti makubwa ya mbao hupakia hapo saruji, sukari, sabuni, unga na chumvi ya Uvinza, yakaelekea Burundi na Kongo. Yakirudi yanashusha vitenge, mawese na abiria. Saa moja ya asubuhi pale mwaloni utasikia Kiha, Kirundi, Kibembe, Kifipa, Kifaransa cha kuokoteza, na Kiswahili cha aina mbili, hiki chetu na kile cha ng'ambo, na biashara inafanyika bila mkalimani. Hewa ikiwa safi, milima ya Kongo inaonekana upande wa pili wa ziwa. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo tunaitwa "mwisho wa reli". Wenzetu wa Dar es Salaam wanalitamka jina hilo kana kwamba baada ya kituo chetu nchi inakatika. Abiria anayeshuka treni akashika njia ya Kibirizi na begi lake kichwani anajua kwamba safari yake bado ni ndefu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema wa Ujiji. Ukoo wake ulivuka ziwa kutoka Kongo enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa, karne ya 19, na hadi leo hakuna anayejua kwa uhakika nani katika wale wazee alikuja kama mfanyabiashara, nani kama mpagazi, nani kama mateka. Ujiji walijifunza kutoulizana. Babu yangu alikuwa Muha wa Heru, na Kiha chake kilisikilizana na Kirundi bila taabu. Kwa hiyo nikizungumza mimi, asiyenijua anaweza kunipangia nchi tatu.

Nilipokwenda kutafuta karatasi fulani katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja, niliulizwa kaburi la babu liko wapi. Nikajibu. Nikaulizwa la baba yake babu. Muulizaji hakuwa mtu mbaya, alinipa na kiti. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wazima, wengine wazee kuliko mama yangu, kila mmoja amekaa akirudia kimoyomoyo majina ya marehemu wake ili asije akakosea atakapofika dirishani. Sijawahi kuisahau foleni ile. Kijijini kwao hao wote ni wenyeji, wana mashamba, wana migogoro ya mipaka ya mashamba, wanadaiwa michango ya harusi. Pale dirishani walikuwa wageni mpaka itakapothibitika vinginevyo.

Hapo ndipo "zile mbao" zilipoanzia. Nilitaka kufanya kazi ambayo ndani yake mtu wa kwetu hajibu swali la mtu.

Ujiji tuna makumbusho madogo penye miembe, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ndani kuna sanamu zao wawili wakisalimiana, ukubwa wa binadamu au kuzidi kidogo. Wanafunzi huletwa kuziangalia, nami nililetwa. Nilipokuwa mkubwa nikarudi kuzitazama kwa jicho la fundi, na nikaona jambo ambalo utotoni halikunigusa: katika mji huu, waliosimamishwa kwa umbo kamili ni wageni wawili waliokutana kwa muda mfupi wakaachana. Waliochukua mizigo yao, waliowapikia, waliowauzia chumvi na samaki, na ambao wajukuu wao ndio sisi, hawana umbo. Sina ugomvi na zile sanamu. Zilinipa kipimo. Nikajiambia, na sisi tusimame kwa kimo kilekile.

Ndugu yangu mmoja aliyesoma sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyenionyesha, kwenye simu yake, kazi ya Lubaina Himid. Huyu mama alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na umri wa miaka 63, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata. Kazi niliyoonyeshwa aliifanya mwaka 2004 na inaitwa *Naming the Money*: watu 100 wa mbao bapa, kimo cha mtu mzima, wamesimama ukumbini huku wageni wakipita katikati yao. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafunza mbwa, wachora ramani. Kila mmoja ana maelezo mafupi, jina lake la kwao na jina alilobandikwa, kazi aliyokuwa akiifanya na ile anayofanyishwa, na kitu kinachomfariji. Niliinyang'anya ile simu nikairudia mpaka betri ikaisha. Majina mawili! Kigoma nzima ina majina mawili. Mtu ana jina la Kiha alilopewa na bibi yake, linafanana na ya Warundi, na ana Juma au Maria la kutumia mbele za watu wasije wakamtilia shaka. Himid alifanya kazi hiyo kuhusu watu wa zamani wa Ulaya, nami nikaona njia ya kuzungumzia watu wa sasa wa Ziwa Tanganyika.

Mbao sikuzitafuta mbali. Boti likizeeka huvunjwa, na ubao wake huuzwa kuni. Mimi huzinunua kabla hazijafika kwa wachoma matofali. Ubao wa boti la Kibirizi umebeba mambo mengi kabla sijaugusa: matundu ya misumari yenye kutu inayoingia ndani kama wino, mstari wa kalafati, ile pamba ya kuzibia maji, iliyokauka kwenye maungio, matabaka ya rangi, bluu juu ya kijani juu ya nyekundu, kila mmiliki na yake. Wakati mwingine ni herufi zangu mwenyewe, nilizoziandika miaka mingi nyuma, nusu ya "MUNGU" au mkia wa samaki. Siupigi msasa wote. Natafuta kwanza rangi iliyopo inataka kuwa nini. Ile bluu iliyopauka ikikaa usawa wa kifua, basi ndilo shati lake, na mimi naongeza kola na vifungo tu. Maungio ya mbao mbili yakipita usoni nayaacha. Kisha nakata umbo kwa msumeno wa mkono, napaka rangi ya mafuta ileile ya maboti, na naegemeza ubao juani ukauke.

Kuna watu wanaodhani kutumia masalio ni mtindo tulioiga nje. Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, alichukua mbao laini za viwandani na rangi za baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Kule Benin, Romuald Hazoumè ametengeneza nyuso kwa madumu ya plastiki yanayotumika kupitishia petroli ya magendo kutoka Nigeria. Kazi yake kubwa, *La Bouche du Roi*, ina madumu 304 yaliyopangwa kwa umbo la meli ya watumwa. Nilipoona picha ya kazi hiyo niligeuka nikayatazama madumu ya mawese yaliyokuwa yamepangwa nyuma yangu pale mwaloni, na nikaelewa anachokisema bila maelezo yoyote. Chombo kinachobeba riziki ya mtu wa mpakani kinajua siri zake zote.

Sasa nifike kwa mama aliyenipa kichwa cha simulizi hii, kwa sababu ndiye mwalimu wangu mkuu katika kazi yote.

Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa msichana, mwaka ule wa mauaji. Familia yake ilipelekwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, wakafyeka pori, wakalima tumbaku na mahindi. Aliolewa huko, akafiwa, akaja Ujiji kwa binti yake. Ni miongoni mwa wale zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 waliopewa uraia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Anavyokihifadhi cheti chake ni hadithi nyingine: ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kanga, kanga ndani ya sanduku, na ufunguo shingoni.

Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage. Kisha akasema: "Mwanangu, ukinichora, nichore nimesimama. Wenye kamera wakija kila mara wananiambia, bibi kaa hapo chini. Kwa nini nikae chini? Nimevuka mto nimesimama. Nimelima nimesimama. Mume wangu nimemzika nimesimama."

Akaenda ndani, akavaa kitenge cha sikukuu, akarudi akasimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni. Nilimchora hivyohivyo. Ubao wake ulitoka kwenye boti kubwa la mizigo, mrefu kuliko mimi, na nikamwacha awe mrefu kuliko mimi.

Tangu siku hiyo kazi ina sharti moja: anayechorwa ndiye anayeamua amesimamaje, amevaa nini, ameshika nini, anatazama wapi. Muuza mawese mmoja alitaka saa ya dhahabu mkononi, na saa hana. Mchoraji mwenzangu akaniambia huo ni uongo, kwamba kazi ya namna hii ni kuonyesha maisha halisi. Sikubaliani naye hata kidogo. Wafalme wamechorwa na farasi ambao hawakuwahi kuwapanda na mataji waliyoyavaa mara moja tu, na hakuna anayesema picha zao ni za uongo. Maskini peke yake ndiye anayetakiwa achorwe na vitu anavyovimiliki tu, na visizidi sufuria. Nilimpa saa yake, na mishale yake inaonyesha saa kumi alfajiri, saa anayoamka.

Nahodha mmoja alitaka achorwe kwa mgongo, anatazama ziwa. Nilimuuliza kwa upole kama hataki watu wamjue. Akasema wanaomjua watamjua kwa mabega.

Kijana mmoja mpakiaji akaniambia chora umbo tu, uso usiweke, jina usiweke. Alikuwa na sababu zake na sikuzidadisi. Ubao wake umebaki na rangi za boti peke yake, umekatwa kwa umbo la mtu aliyebeba gunia. Katika maonyesho yote, huo ndio ubao ambao watu wamesimama mbele yake kwa muda mrefu zaidi, na wachoraji wanaonipigia simu nawasisitizia hasa habari zake. Kwetu huku, uso kwenye picha unaweza kumletea mtu matatizo. Kuna mtu ambaye kesi yake ya uraia haijaisha, kuna aliyekimbia watu wanaoweza kumtafuta, kuna anayetakiwa awe kambini na kutoka kwake kunahitaji kibali. Mchoraji anataka uso kwa sababu uso ni mtamu kuchora. Hiyo haitoshi. Kama mtu anasita, msaidie kusita. Na simu za watazamaji nazo ni za kufikiria mapema, maana picha iliyopigwa mwaloni asubuhi jioni iko Bujumbura.

Nyuma ya kila ubao niliandika kwa herufi za vibao, zilezile za saluni na maduka, mistari michache waliyonipa wenyewe: jina walilopewa, jina wanaloitwa, kazi, na jambo moja wanalolijua vizuri kuliko mimi. Hilo la mwisho niliongeza kwa sababu nilichoshwa na maswali ya umetoka wapi. Muuza mawese akasema, "Mawese yaliyochakachuliwa nayajua kwa kunusa, huhitaji kunionjesha." Nahodha: "Najua upepo utakaogeuka usiku kabla haujageuka." Mama wa Ulyankulu alifikiri sana kisha akasema andika hivi: "Najua kuanza."

Kuhusu kuuliza, kuna Mtanzania mwingine wa kumtaja. Everlyn Nicodemus, naye alizaliwa mwaka 1954, Marangu, Kilimanjaro. Alihamia Sweden mwaka 1973 na huko akasomea elimu ya jamii na tamaduni za watu, akakerwa na namna fani hiyo ilivyowaangalia Waafrika kama viumbe wa kuchunguzwa, akageukia uchoraji na ushairi. Kati ya mwaka 1984 na 1986 alikaa na wanawake wa Denmark, wa Tanzania na wa India, wakamsimulia maisha yao, na kazi yake ikatokana na mazungumzo hayo. Mwaka 2022 jumba la taifa la picha za watu mashuhuri la London lilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, ya kwanza ya aina hiyo ya mwanamke mweusi kuingia humo. Tanzania hii hii watu wengi wanaojiita wapenzi wa sanaa hawajasikia jina lake, na linaniuma. Aliishi sehemu kubwa ya maisha yake akiwa mgeni wa watu, akaugeuza ugeni huo kuwa mahali pa kuonea mambo ambayo wenyeji hawayaoni.

Na upande wa pili wa ziwa, huko Lubumbashi, alikuwepo Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake, picha 101, kuanzia enzi za kale mpaka siku zake, juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na akaieleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha kwao mbele ya msomi Johannes Fabian aliyekuwa akimrekodi. Mtu aliyekuwa akiuza picha nyumba kwa nyumba alijitangaza kuwa mwanahistoria, akasimamia neno lake. Baada ya mwaka 1981 hakuonekana tena, na zile picha ziko Amsterdam. Nikiwa Kibirizi namfikiria sana huyu kaka. Alichora bila ukumbi na kwa lugha ambayo tungeelewana naye bila shida.

Onyesho la kwanza tulilifanya palepale mwaloni. Mbao tuliziegemeza kwenye maboti yaliyopinduliwa kwa matengenezo, nyingine tukazisimamisha kwa mawe, katikati ya njia ya wapakiaji. Baadhi ya wenzangu walitaka tukodi ukumbi mjini. Nilikataa, kwa sababu watu waliochorwa wasingeingia ukumbini bila kujitazama viatu. Pale mwaloni walikuja kama wanavyokuja kila siku. Kwa kuwa maandishi yako nyuma, ilibidi kila mtu auzunguke ubao, na nyembamba ilivyokuwa nafasi kati ya ubao na boti, walilazimika kusogeleana. Wasiojua kusoma walisomewa. Mzee mmoja wa kutengeneza nyavu alijipa kazi ya msomaji bila kuombwa na mtu, akasoma kila mgongo kwa sauti ya adhana, na watu wakamfuata kutoka ubao hadi ubao. Mama wa Ulyankulu alipojikuta amesimama mrefu kuliko watu wote, alijitazama, akagusa kitenge cha ubao na kitenge alichovaa, akaniambia kwamba mkono wa kiunoni nimeuchora mfupi. Nikaenda kuchukua brashi.

Wapo waliokasirika. Mfanyabiashara mmoja alisema nawachafulia watu wa Kigoma jina, kwamba tayari tunaitwa Warundi na Wakongo, na mimi naongeza kuni. Hofu yake naielewa, ni hofu ya ile foleni. Lakini dawa yake ni kuwaficha majirani ili sisi tuonekane safi, na hilo siwezi. Mwezi wa Mei mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojazana ufuoni Kagunga, mpakani, na meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma kundi kwa kundi, wakalala uwanja wa Lake Tanganyika wakisubiri mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu, wengi wetu tulikuta nyuso za shangazi zetu humo. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Wapiga picha walikuwa wengi, na picha walizoondoka nazo ni zile za kukaa chini.

Baadaye mbao zilisafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, zikaonyeshwa katika ukumbi mmoja wa sanaa, kuta nyeupe, taa nzuri. Siku ya ufunguzi bwana mmoja aliyevaa vizuri alizunguka, akasoma migongo yote, akanijia: "Hongera sana dada. Sasa, Watanzania hapa ni wepi?" Watu waliokuwa karibu wakaanza kubahatisha, yule wa saa ni Mtanzania, yule aliyegeuka ni Mkongo, bibi ni Mha tu huyo. Niliwaacha wabahatishe. Yule bwana akaniuliza tena. Nikamwambia kazi yangu haina dirisha la kujibia hilo, lakini akitaka kujua mawese yaliyochakachuliwa yakoje, yupo anayeweza kumfundisha. Alinitazama muda, akarudi kwenye mbao. Nilimwona akizizunguka upya, safari hii akisoma ule mstari wa mwisho.

Sikuwa nimekipanga kitu hicho, na ndicho ninachokilinda sasa. Kila anayetaka kuonyesha mbao hizi ananiomba vibao vya maelezo ukutani: huyu mkimbizi, huyu raia, huyu wa kabila gani. Nakataa kila mara. Maelezo hayo yakiwekwa, mtazamaji anamaliza kazi yake kwa sekunde na kwenda kunywa soda.

La pesa nalo niliseme, maana linafichwa sana katika sanaa ya namna hii. Tulikubaliana mapema, mbele ya mashahidi, kwamba ubao ukiuzwa aliyechorwa anapata nusu, na bila ridhaa yake hauuzwi. Mtu kutoka nje alitaka kuzinunua zote kwa mkupuo, kwa bei ambayo ingenijengea nyumba. Tuliitana Ujiji, tukakaa kikao kirefu penye mwembe. Wengine walitaka kuuza, na walikuwa na haki, kuna karo na kuna paa linalovuja. Mama wa Ulyankulu akasema yeye hauzwi, ameshahamishwa vya kutosha. Nahodha akauza, nikampa nusu yake, akanunulia mashine ya boti. Kijana wa umbo tupu hajapatikana, namba yake haiiti, kwa hiyo ubao wake unakaa kwangu mpaka yeye au ndugu yake atakapokuja kusema.

Wachoraji wa Tabora walioniuliza kama wanaweza kufanya zao, nawajibu kwamba wafanye, na wasichukue mbao za maboti kwa kuwa mimi nimezitumia. Kwenu kuna vifaa vyenu. Kuna magogo ya mizinga ya asali yaliyotupwa, kuna mbao za mabani ya kukaushia tumbaku, kuna watu wa Ulyankulu ambao wazee wao bado wanakumbuka pori kabla halijafyekwa. Muwaendee kabla ya kuwa na wazo lenu. Mkae nao na maharage ya kuchambua mkononi.

Mimi naanza kundi jipya baada ya mvua, mbao zikishakauka. Wa kwanza kwenye orodha ni mama anayekausha dagaa pale Katonga, ambaye ameshanitumia ujumbe kwamba anataka achorwe amebeba chekecheke lake jipya, na akiwa anacheka, na kwamba pengo la jino nisilizibe.